Livingstone: jina lisilo na jiwe ndani yake

MWALIMU WA ZAMU

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu umenikaa kichwani wiki tatu. Mpwa wangu yuko darasa la sita na anaitwa Livingstone. Jina alipewa na babu yake, mzee wa kanisa, ambaye siku zote ameamini kwamba maana yake ni "jiwe lililo hai", kama lilivyo katika Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya pili. Jumapili moja kijana akaniletea daftari. Alikuwa ameandika jina lake kwa penseli na kulikata kwa mstari katikati: Living upande huu, stone upande ule. Akaniuliza, "Mjomba, jiwe linaishije?"

Nikamwambia anipe muda. Nimefundisha historia miaka mingi, David Livingstone, yule mmisionari na msafiri, nimemtaja darasani mara zisizohesabika, lakini jina lenyewe sikuwahi kulifungua nione kilichomo. Niliyoyakuta nayaweka hapa, maana najua huku kwetu akina Livingstone ni wengi, na kwetu limekuwa jina la kwanza, siyo la ukoo.

Kwanza kabisa, mstari wa penseli ulipita pasipo pake. Jina halikatiki Living-stone. Linakatika Livings-ton.

Twende Scotland, kama kilomita 25 magharibi ya Edinburgh, karne ya 12, enzi za mfalme David wa Kwanza. Palikuwa na mtu anaitwa Leving, mwenye ardhi yake pale. Kanisa la mahali hapo lilikabidhiwa watawa wa Holyrood, na katika hati zao za Kilatini pameandikwa "Villa Leving". Wenyeji kwa lugha yao walipaita boma la Leving. Hilo neno la boma kwa Kiingereza cha kale ni *tun*, ndilo lililozaa "ton" zote mnazoziona mwishoni mwa majina ya Uingereza. Ile "s" ya katikati ni ya umiliki tu.

Sisi tunalo jambo hilihili wala halihitaji maelezo mengi. Panda daladala Temeke useme unashuka Kwa Aziz Ally. Nenda Dodoma, kuna Kwa Mtoro. Mtu anaishi mahali, watu wanapaita kwake, yeye anaondoka duniani na jina linabaki. Basi Livingston ni "Kwa Leving".

Imekuwaje likaingia jiwe? Miaka ikapita, hakuna tena aliyemkumbuka Leving. Sikio likasikia "livingston", na mkono wa mwandishi ukatafuta maneno unayoyafahamu. Ukaandika *living*, ukaandika *stone*. Jina likavaa maana ambayo halikuzaliwa nayo. Mabwana wenye ardhi hiyo wakawa wanaitwa "wa Livingston", mwishowe "wa" ikaanguka na jina la mahali likawa jina la ukoo.

Hao mabwana walipanda juu sana. Tawi la Callendar, karibu na mji wa Falkirk, lilitoa Sir Alexander Livingston, mmoja wa watu walioshika hatamu za nchi mfalme James wa Pili alipokuwa mtoto baada ya baba yake kuuawa mwaka 1437. Mwaka 1440 vijana wawili wa ukoo wa Douglas waliitwa ngome ya Edinburgh kula chakula mbele ya mfalme mwenye umri wa miaka kumi, kisha wakatolewa nje wakakatwa vichwa. Livingston anatajwa miongoni mwa waliopanga. Haikupita miaka kumi zaidi, mfalme yuleyule akiwa mtu mzima akaugeukia ukoo huo, na mwaka 1450 Walivingston wawili nao wakapoteza vichwa vyao. Karne iliyofuata Mary Livingston alikuwa mmoja wa wale wasichana wanne, wote wakiitwa Mary, waliosafiri na malkia mdogo Mary wa Scotland kwenda Ufaransa mwaka 1548. Baadaye ukoo ukapata cheo cha Earl wa Linlithgow, na ukakipoteza kwa kuunga mkono uasi wa mwaka 1715.

Sasa Daktari wetu. Mimi mwenyewe nilidhani anatoka kwa hawa. Sivyo. Nitaendelea jioni, naenda kusimamia mitihani ya marudio.

MTUMBWI

Nimekaa mkao wa kula, mwalimu. Ila swali la haraka: wale Livingston wa Marekani waliotia sahihi tangazo la uhuru, ni wa tawi gani?

MWALIMU WA ZAMU

Mkuu Mtumbwi, wale ni wa ukoo wa hao mabwana wa kusini. Robert Livingston alizaliwa mwaka 1654 Ancrum, karibu na mpaka wa England. Baba yake alikuwa mchungaji aliyefukuzwa nchini kwa msimamo wake wa kidini, akakimbilia Rotterdam, na mtoto akakua anaongea Kiholanzi kama Kiingereza. Alipovuka bahari kwenda Albany, New York, lugha hizo mbili zikawa mtaji wake, kwa sababu mji ulikuwa wa Waholanzi na watawala ni Waingereza. Mwaka 1686 akapewa hati ya Livingston Manor kando ya mto Hudson, shamba la ekari 160,000.

Wajukuu na vitukuu wake wako kila ukurasa wa historia ya nchi ile. Philip alitia sahihi Tangazo la Uhuru mwaka 1776. William alikuwa gavana wa New Jersey, akatia sahihi Katiba mwaka 1787. Robert R. Livingston alikuwa katika kamati ya watu watano iliyoandaa Tangazo, ndiye aliyemwapisha George Washington tarehe 30 Aprili 1789, na mwaka 1803 alikuwa Paris Marekani iliponunua Louisiana. Ndugu yake Edward aliandika sheria zilizosifiwa hadi Amerika ya Kati, ndiyo maana Guatemala kuna mji wa pwani unaitwa Livingston.

Lakini tusipite bila kusema hili: utajiri wa ukoo huo una damu. Philip, bwana wa pili wa ile Manor, baba yake yule mtia sahihi, alikuwa mfanyabiashara aliyeingiza watumwa New York. Msomaji wa Bagamoyo anapaswa kulijua hilo. Jina moja liko kwenye daftari la muuza watu, na liko kwenye jiwe la kaburi la mtu aliyetumia maisha yake kuipigia kelele biashara hiyo.

MWALIMU WA ZAMU

Naendelea na Daktari.

Sahau Edinburgh. Nenda magharibi, milimani na visiwani, kwa watu wanaoongea Kigaeli. Babu yake David Livingstone alikuwa mkulima mdogo katika kisiwa cha Ulva, karibu na Mull. Daktari mwenyewe anaeleza katika kitabu chake cha safari cha mwaka 1857 kwamba babu wa baba yake aliuawa Culloden. Hiyo ni vita ya tarehe 16 Aprili 1746, siku jeshi la milimani lilipovunjwavunjwa kwa chini ya saa moja. Watu wa pwani ya Appin walikuwemo, na mmoja wao, Donald Livingstone, aliing'oa bendera ya kikosi kwenye mti wake, akajifunga mwilini, akatoka nayo hai uwanjani. Bendera hiyo ipo Edinburgh mpaka leo.

Sasa watu wanaoongea Kigaeli wanapata wapi jina la "Kwa Leving", kijiji cha mbali kabisa cha Waskoti wa tambarare? Hawakulipata kwa kuzaliwa. Lilifunikwa juu ya jina lao.

Jina lao lilikuwa MacLea. *Mac* ni "mwana wa", sawasawa na "bin" yetu. Kuhusu sehemu ya pili kuna maelezo mawili. La kwanza linasema ni *Mac an Lèigh*, na *lèigh* ni tabibu. Kwa Kiswahili ungesema bin Mganga. La pili linasema ni *Mac Dhuinnshléibhe*, jina la Kiairishi lililoletwa na ukoo uliokuwa watawala wa Ulster, kisha ukapoteza enzi na ukageuka kuwa ukoo wa matabibu wa machifu wa Donegal. Angalieni: hata ukichukua la pili, unaangukia palepale kwenye uganga. Kwa Wagaeli udaktari ulikuwa wa kurithishana, baba kwa mwana.

Na kitu kimoja kimenigusa kuliko vyote. Kuna kisiwa kidogo kinaitwa Lismore, kimelala mdomoni mwa ghuba ndefu ya Loch Linnhe. Huko kuna familia ya Livingstone ambayo kazi yake, karne hata karne, ni kutunza fimbo. Fimbo ya Mtakatifu Moluag, mmisionari aliyetoka Ireland na kufa mwaka 592. Hakuna dhahabu ya kuringia. Ni kipande cha mti wa miiba, hakifiki mita moja, kilichowahi kuvalishwa shaba iliyopakwa dhahabu, na shaba nyingi imekwisha kubanduka. Ipo hati ya mwaka 1544 inayowathibitishia ardhi yao kwa sharti la kuitunza. Hao ndio wakuu wa jina la MacLea, na katika karatasi zote wanaandikwa Livingstone.

Kwa nini walibadili? Mara nyingi hutajwa kwamba karne ya 17 bwana mmoja wa ukoo wa Livingston wa kusini alipangishwa ardhi za uaskofu wa Argyll, Lismore ikiwemo, na wapangaji wakachukua jina la mwenye nyumba. Ongeza karani asiyejua Kigaeli, ongeza mchungaji mwenye rejista ya Kiingereza. Mtu anasema jina lake, anayeandika anaandika lililo karibu na analolijua. Kila aliyewahi kuona jina la babu yake limeharibiwa kwenye cheti cha ubatizo anaelewa jambo hili bila kufundishwa.

Kwa hiyo yule tunayemwita "Daktari Livingstone" ni mtoto wa watu ambao mapokeo ya ukoo wao yanawahesabu kuwa bin Mganga, na yeye hakukulia katika nyumba ya kitabibu hata kidogo. Mwaka 1792 babu yake aliacha Ulva akahamia Blantyre, mto Clyde, penye kiwanda cha kusokota pamba. David alizaliwa hapo tarehe 19 Machi 1813, familia nzima ndani ya chumba kimoja katika jengo la wafanyakazi. Akiwa na miaka kumi aliingia kiwandani kuunganisha nyuzi zinazokatika, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha Kilatini. Kazini alikuwa akiegemeza kitabu kwenye mashine, akawa anasoma sentensi moja moja kila anapopita. Pamba ile ililimwa na watumwa upande wa pili wa Atlantiki. Mwaka 1840 akafuzu udaktari Glasgow.

Kuhusu herufi: katika barua zake za ujanani anaandika Livingston, bila "e" mwishoni, kama baba yake Neil. Ile "e" ilirudi baadaye, na kwa kuwa umaarufu wake uliikuta tayari ipo, dunia nzima ikaifuata.

BINTI UJIJI

Mwalimu shikamoo. Mimi nimezaliwa Ujiji, hatua chache kutoka makumbusho. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunaingia kuangalia yale masanamu mawili, wamesimama wanavuliana kofia. Miembe ya pale tunaambiwa ni vipando vya mwembe ule wenyewe ambao Livingstone na Stanley walikutana chini yake. Naomba uniambie na yule wa pili. Stanley ni jina la nini?

MWALIMU WA ZAMU

Marahaba mwanangu. Umeuliza swali nililokuwa naliwekea akiba.

Mtu aliyefika Ujiji Novemba 1871 akimtafuta Livingstone hakuzaliwa akiitwa Stanley. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, mama hajaolewa, akaandikishwa John Rowlands. Akalelewa katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Akiwa kijana alipanda meli kama mtumishi hadi New Orleans, na huko akachukua jina la mfanyabiashara wa pamba.

Na Stanley maana yake nini? Kwa Kiingereza cha kale, *stan* ni jiwe, na *leah* ni uwazi msituni, mahali miti imekatwa. Stanley ni uwanja wa mawe.

Basi rudi pale makumbusho uwatazame tena wale wawili. Mmoja jina lake linaonekana lina jiwe, na halina. Mwenzake jina lake halionyeshi jiwe, na jiwe limo. Na wote wawili wanasalimiana kwa majina ambayo si ya mababu zao: mmoja ni Rowlands kutoka Wales, mwingine ni MacLea kutoka visiwani. Ile salamu maarufu ya "Daktari Livingstone, nadhani?" nimeisoma darasani miaka yote, na sasa siwezi kuisikia vilevile.

KIGINGI

Mkuu nakuheshimu, uzi umeshiba. Lakini nina dukuduku. Tunahangaika na majina ya wazungu, waliobeba maiti ya Livingstone miezi kwa miezi kuja pwani wao hatuwachambui. Chuma na Susi nao walikuwa na majina.

MWALIMU WA ZAMU

Kigingi, una haki, na nilitaka tufike huko.

Livingstone alikufa kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, mwanzoni mwa Mei 1873. Moyo wake ukazikwa chini ya mti. Mwili ukakaushwa juani, ukafungwa kwa gome na turubai, ukabebwa hadi Bagamoyo, ambako uliwasili Februari 1874. London walitaka uhakika kuwa ni yeye. Daktari bingwa Sir William Fergusson akautambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba huko Mabotsa, Afrika Kusini, mwaka 1844 na haukuunga vizuri. Akazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874.

Waliomfikisha pwani, majina yao yana historia nzito kuliko ya kwake. Chuma alikuwa Myao, mtoto aliyekombolewa kutoka msafara wa watumwa mwaka 1861. Alipobatizwa akaongezewa James. Abdullah Susi, mtu wa Shupanga kwenye mto Zambezi, alibaki na jina lake la Kiislamu safari zote zile, na mwaka 1886, miaka 13 baada ya Daktari kufa, akabatizwa Zanzibar. Jina alilopewa ni David. Hakuchukua Livingstone, jina la boma la mtu wa karne ya 12. Alichukua lile la mtu mwenyewe.

Wa tatu ni Jacob Wainwright. Myao pia, mateka aliyekombolewa, akasomeshwa shule ya wamisionari Nassik, India. Kwa kuwa alijua kusoma na kuandika, yeye ndiye aliyesoma sala za maziko pale kwa Chitambo, na ndiye aliyechonga jina la marehemu na tarehe kwenye mti. Baadaye alisafiri na jeneza hadi Uingereza, akawa miongoni mwa waliolishika siku ya mazishi. Na Wainwright nalo ni jina la ukoo la Kiingereza. *Wain* ni mkokoteni, *wright* ni fundi. Fundi wa mikokoteni. Msafara mzima ule haukuwa na gurudumu hata moja, mzigo wote ulikuwa mabegani.

LIVINGSTONE JR

Wakuu, mimi ni msomaji wa kimya humu, leo nimeona niandike. Jina ninalotumia humu ndilo jina langu. Baba alikuwa mwinjilisti, naye alinipa kwa ajili ya "jiwe lililo hai". Amefariki. Sasa mwalimu unaniambia halina maana?

MWALIMU WA ZAMU

Hapana, ndugu yangu, sijasema hivyo, na nisamehe kama nimeandika kwa namna iliyokuumiza. Maana aliyoiweka baba yako ni ya baba yako, na hakuna hati ya Kilatini inayoweza kuifuta.

Ngoja nikueleze yaliyotokea nyumbani. Kuna kipande nilikuwa sijakisema. Leving ni nani? Ni jina la Kiingereza cha kale, na mzizi wake ni *leof*. Leof maana yake ni mpendwa. Kwa hiyo ukilifungua jina hadi mwisho unapata "Kwa Mpendwa".

Jana jioni nilikwenda kwa dada. Kijana akafuta mstari wake wa penseli, akauchora upya baada ya ile "s". Babu yake alikuwa amekaa barazani anasikiliza yote. Hakusema neno. Akaingia ndani, akatoka na Biblia yake ya jalada la nguo, akafungua Petro, sura ya pili. Akaweka kidole kwenye aya ya nne, penye jiwe lililo hai, akawa anashuka nacho polepole, mstari kwa mstari, midomo inacheza. Kwenye aya ya 11 akasimama. Akamwita mjukuu asome yeye. Mtoto akasoma: "Wapenzi, nawasihi kama wapitaji na wasafiri..."

Mzee akafunga kitabu. Akasema, "Kumbe nilikuwa ukurasa uleule."